Viti Viwili vya Kurudi Goma

Kabla hajakubali kupanda ndege, Mzee Havugimana alitaka aone kwanza pale barabara yake ya kurukia inapokatika. Binti yake Umwiza alimfuata nyuma, viatu alivyoazima kwa binamu yake wa Ndosho vikimbana vidole. Mzee akitaka jambo lake, unamwacha mpaka liishe lenyewe.

Jiwe jeusi lilikuwa limekuja mpaka ndani ya uwanja wa ndege wa Goma. Siku ile ya Januari, mlima wa moto Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na moto kushuka mjini, ulipitia hapa kwanza, ukalala juu ya lami, ukameza upande mzima wa kaskazini, halafu ukaendelea kwenda kumeza nyumba za watu. Nyumba ya Havugimana ilikuwamo. Sasa miezi ilikuwa imepita, lakini mvua ikinyesha jiwe lile lilikuwa bado linatoa moshi. Mzee aliligusa kwa ncha ya fimbo yake, akageuka kuitazama lami iliyobaki, akaipima kwa macho.

"Ndege iko inakimbia kuja huku?"

"Hapana, papa. Inakimbia kule, upande wa ziwa."

"Na kama lami inaisha mbele haijaruka?"

"Itaruka, papa."

"Wewe ulishapanda lini, mpaka unajua?"

Umwiza hakuwa amepanda hata mara moja. Alikuwa mshonaji wa mtaa wa Birere, na safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kukimbia moto na cherehani kichwani. Habari zote za ndege alizipata kwa Kamate, na mambo aliyoambiwa na Kamate, Umwiza aliyaamini kuliko aliyoyaona.

Kamate alikuwa amesimama kule kwenye mizani, akijifanya kutazama marobota ya mizigo huku jicho lake moja liko kwao. Kijana wa Butembo, mchuuzi wa vitenge, mrefu, mwenye kicheko cha kumfanya mtu asahau alichotaka kusema. Mwaka uliopita aliingia kibandani kwa Umwiza kuuza vitenge sita, akatoka bila kuuza hata kimoja, na kesho yake akarudi. Kesho kutwa akarudi tena. Wenzake Umwiza walianza kumcheka kwamba huyu mteja wake hanunui wala hauzi, sasa ana kazi gani?

Kazi yake ilijulikana alipomleta mjomba wake kufata irembo, yaani kubisha mlango wa wazazi na kusema kuna binti wameona humu ndani. Ndipo mambo yalipoharibika. Wanande, watu wa kina Kamate, hutoa mbuzi kwa mahari na kina Havugimana huhesabu ng'ombe, lakini hilo lingezungumzwa, watu wangecheka na kupatana. Kilichoharibu ni swali moja. Mzee aliuliza, kama wazee wa kwao Masisi wanavyouliza siku zote, "Kwenu ni mbali gani?" Na yule mjomba, mfanyabiashara aliyezoea kujisifu, akajibu kwa Kifaransa, kifua mbele, "Quarante-cinq minutes!"

Dakika arobaini na tano. Mzee alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mimi nimekuuliza njia, ndugu yangu, weye unanipa saa. Binti akitoka hapa kwenda kwenu, anapita fasi gani? Anasalimia nani?"

"Muzee, barabara imefungwa, vita imejaa mule. Siye tunapita juu. Kule juu hakuna mutu wa kusalimia!"

Mjomba alicheka, akidhani ametania. Mzee alisimama, akawashukuru wageni kwa kuja, akaingia chumbani. Kwake yeye njia isiyo na mtu wa kusalimia ni njia isiyorudisha habari. Umwiza alijua maneno hayo yalitoka wapi. Dada yake mkubwa, Uwamariya, aliolewa Walikale. Mapigano ya kwanza yalipoanza, njia ilifungwa. Uwamariya akashikwa na uchungu wa kuzaa, akafa na mtoto tumboni, na babake alikuja kuambiwa na muuza chumvi mmoja mpita njia, wakati kaburi limeshaota majani. Mpaka leo hajaliona. Tangu siku hiyo mzee aliapa kwamba binti aliyebaki hataolewa mahali ambapo yeye hawezi kufika.

Ni Kamate aliyerudi peke yake, juma lililofuata, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Papa, panda mara moja tu. Ujionee mwenyewe. Ndege inafika Butembo, inashusha watu, inarudi Goma siku ileile. Ukiona ni mbali, usiseme kitu, rudi nayo tu. Nikiona umerudi nayo, mimi sitakanyaga tena kwako. Naapa."

Umwiza alikuwa nyuma ya pazia. Alitamani kutoka ampige kofi. Nani amemtuma kuweka maisha yao yote katika kitu kimoja hivyo?

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Abiria wa Butembo! Mukuje ku mizani!" Donat, mpimaji wa uwanjani, alikuwa na sauti ya kusikika mpaka Gisenyi. Tangu jiwe likate uwanja, ndege ndogo zilipaswa kuruka zikiwa nyepesi, kwa hiyo kila abiria alipanda mizani na kifurushi chake mkononi, mbele ya watu wote, kama gunia la maharage. Mama mmoja mnene alipanda akiwa amezuia pumzi, Donat akamwambia, "Mama, pumua tu, hewa haina kilo," watu wakaangua kicheko. Mzee Havugimana alivua kofia akaiweka chini, akavua koti, lakini fimbo akakataa kuiacha. Donat aliona uso wake, akaacha utani, akaandika.

Kamate alipopanda wa mwisho, Donat alijumlisha, akakuna kichwa, akajumlisha tena.

"Kilo zimepita. Mutu mumoja abakie."

"Toa mizigo basi!" mtu alisema.

"Mizigo ni serumu ya hospitali. Serumu haibakie."

Kila mtu akaanza kutazama viatu vyake. Mzee Havugimana ndiye pekee aliyeinua kichwa, na Umwiza aliona uso wake umepata nuru ghafla.

"Basi, mambo imeisha," mzee alisema. "Nabakia mimi. Mungu mwenyewe amekataa."

Moyo wa Umwiza ulishuka mpaka kwenye vile viatu vya kuazima. Hapo Kamate akashuka kwenye mizani.

"Hapana, papa. Nabakia mimi."

"Weye? Hii si safari yako? Mimi kule namujua nani?"

"Hii safari ni yako, papa. Mama yangu atawapokea."

Kamate alimwinamia mzee kwa heshima, halafu akachukua mfuko wa Umwiza kumpelekea hadi kwenye ngazi. Walitembea bega kwa bega, na kwa sababu mzee alikuwa nyuma yao hawakugusana hata kidole.

"Umepata wazimu?" Umwiza alinong'ona. "Nitafika kwenu peke yangu na papa? Nitamwambia mama yako mimi ni nani?"

"Mwambie ni Umwiza, basi. Mwaka mzima sasa jina lako limemuchosha masikio."

"Usicheke, Kamate. Na kama papa akirudi?"

Kicheko kilimtoka usoni. Alimtazama, na macho yake yalikuwa na hofu ambayo Umwiza hakuwahi kuiona ndani yake.

"Nitasimama palepale ku mizani. Ndege ikirudi, nitaangalia nani anashuka. Usiposhuka, Umwiza, nitajua."

Alimpa mfuko. Walikuwa wameshika mpini mmoja kwa wakati mmoja, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuachia.

"Binti, pandeni!" Donat alipiga kelele. "Petroli iko inakwisha!"

Ndege ilipoanza kukimbia, Umwiza alifumba macho akashika mkono wa babake. Mkono wa mzee ulikuwa umemkamata yeye zamani. Mabati yalilia, chupa za serumu zikagongana nyuma, yule mama mnene akaanza Salamu Maria kwa sauti, kisha kelele ya magurudumu ikakatika na tumbo likabaki chini.

"Mutoto," mzee alisema. "Angalia."

Alifumbua macho. Chini yao kulikuwa na ziwa Kivu, buluu mpaka macho yakauma. Ndege ikainama, ikageuka kurudi kaskazini, na mji wao mzima ukaingia ndani ya dirisha moja dogo. Umwiza hakujua kama mji unaweza kuwa mdogo hivyo. Alitafuta Birere akaiona, mabati yamebanana, na katikati yake ule ulimi mweusi ulioshuka kutoka mlimani, ukapasua mitaa, ukapita kando ya kuta za kanisa lililobaki bila paa, ukaenda kunywa maji ziwani.

"Nyumba yetu iko wapi?"

Walitafuta wote wawili, vichwa vimegusana kiooni. Hakukuwa na nyumba. Palikuwa na weusi tu, na juu ya weusi watu wadogo kabisa waliokuwa tayari wanajenga kwa mbao mpya.

"Bashaanza tena," mzee alisema kwa mshangao. "Juu ya jiwe bado la moto. Angalia batu, mwanangu!"

Kisha mlima ukaja. Maisha yake yote Umwiza alikuwa ameutazama kutoka chini, na usiku wa masika aliona wekundu wake mawinguni, akajifunika blanketi. Sasa ulikuwa kando yao, mkubwa, mtulivu, kinywa chake kiko wazi, na ndani ya kinywa mna ukuta baada ya ukuta unaoshuka mpaka kwenye moshi mweupe usio na mwisho. Ndani ya ndege hata Salamu Maria ilikatika katikati. Mzee Havugimana alivua kofia yake polepole, akaiweka magotini.

"Njo huyu?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Njo huyu alikula nyumba yangu?"

"Njo huyu, papa."

Alikitazama kile kinywa mpaka kikaanza kurudi nyuma yao, shingo yake ikikifuata.

"Ni muzuri," alisema, na papo hapo akaona haya. "Mungu anisamehe. Ni muzuri kupita yote niliyoona."

Umwiza alilia bila kujua analilia nini. Nchi iliendelea kufunguka chini yao, mashamba, mito, vijia vyekundu, na babake, aliyekuwa ameswaga ng'ombe katika nchi ile tangu utotoni, akaanza kuitambua. Kwanza alikuwa anauliza. Baadaye alikuwa anasalimia.

"Ile ni Rutshuru. Aa, ndiyo, ule mto ni wenyewe. Mwaramutse, Rutshuru!" Aliinua mkono kidogo dirishani, kama anavyosalimia mtu ng'ambo ya bonde. "Na kule Rwindi. Mwaramutse. Na yale maji mengi?"

"Lazima ni ziwa Edward, papa. Na zile nyumba za pembeni ni Vitshumbi."

"Vitshumbi! Samaki ya Vitshumbi nilikula miaka yote, na kumbe kwao ni hapa?" Akasalimia na Vitshumbi, mitumbwi yake na wavuvi wake wasiojua kwamba kuna mzee juu yao anawajulia hali. Umwiza alicheka machozi yakiwa bado mashavuni. Alitamani Kamate angekuwepo aone.

Halafu mzee akageukia dirisha la upande wa pili, kule magharibi, ambako milima ilikuwa inapandana, kijani juu ya kijani, mpaka ikapotea mawinguni.

"Walikale ni upande gani?"

Umwiza alionyesha kwa kidole. "Ni kule, papa. Nyuma ya ile milima."

"Kwa ndege ni mbali kama Butembo?"

Alijua jibu. Aliwahi kumuuliza Kamate siku moja, kwa ajili ya dada yake. Angeweza kusema hajui.

"Hapana, papa. Ni karibu zaidi. Labda nusu saa."

Mzee aliitazama tena ile milima.

"Nusu saa," alisema mwishowe. "Mwanangu analia, ananiita, na mimi niko nusu saa."

Akaegemeza paji la uso kwenye kioo, akabaki hivyo. Umwiza alimshika mkono wa koti. Sasa yamekwisha, alijiambia. Kama ukaribu haukumwokoa Uwamariya, ukaribu wa Butembo utamsaidia nini? Alimwona Kamate akilini, amesimama peke yake kwenye mizani, akauficha uso wake begani kwa babake.

Uwanja wa Butembo ulikuwa udongo mwekundu juu ya kilima, mikaratusi pembeni, na upepo wa baridi uliowapiga walipokanyaga ngazi. Mwanamke mfupi, kitenge chake kimefungwa barabara, alikuwa anatazama kila anayeshuka. Alipoona hakuna mwingine, akamkabili Umwiza.

"Umwiza ni weye. Na Kamate?"

"Amebaki Goma, mama. Kilo zilipita, akatuachia kiti."

Mama Henriette, mamake Kamate, alishika kiuno. "Kamate aliachia mutu kiti? Ule mutoto haachiake kiti hata kanisani!" Akamkumbatia Umwiza kwa nguvu, halafu akamsalimia mzee kwa mikono miwili, akainama. Chini ya kibanda cha abiria alikuwa ameleta chai na viazi ndani ya kitunga.

Mzee hakuketi. Alishika fimbo yake kwa mikono yote miwili.

"Mama, sitakawia. Nina swali moja. Mutoto wangu akigonjwa huku, nani ataniambia?"

Umwiza aliomba mama yule aseme neno tamu, hata la uongo. Mama Henriette alifikiri kwanza.

"Nitakuambia kweli, muzee. Siku ingine ndege haikujake. Mvua, vita, mafuta. Siku hiyo nitaenda ku fonie, ile redio ya kuongelea, niongee na Goma. Fonie ikikufa, natuma mutu."

"Na mutu akikosa?"

"Niko na miguu. Mbele ya kuzaa huyu Kamate, mimi nilikuwa natembea mpaka Goma na vitenge ku kichwa. Napita Musienene, napita Lubero, nalala Kirumba. Ku Kanyabayonga iko mama moja wa kabila yenu, wa kutoka Rutshuru, Mukamurenzi, ananipatia kitanda mpaka leo. Bote banajua jina yangu. Nikipita nalia, batauliza ni nini, na habari itanipita mbele, ikufikie mimi sijafika."

Mzee alimsogelea hatua moja. "Na pale Rwindi? Unamusalimia nani?"

"Rwindi unapita mbio, muzee. Simba haisalimiake."

Kitu kilitikisika usoni kwa mzee, lakini kabla hakijawa kicheko mtu wa uwanja aliita. Abiria wa Goma wapande, wingu linakuja. Mzee Havugimana akageuka, akaanza kutembea kuelekea ndege.

Miguu ya Umwiza ilikataa, kisha ikamfuata kwa sababu ilizoea kumfuata. Alishika mpini wa mfuko palepale Kamate alipokuwa ameshika. Hakulia. Alijiambia atalia nyumbani, chini ya blanketi, na kesho atashona.

Mzee alifika kwenye ngazi, akasimama mbele ya yule mtu wa uwanja.

"Hii ndege itakuja tena huku leo?"

"Alasiri, muzee, wingu likiachia."

"Vizuri. Vile viti viwili vyetu vya kurudi, usimupe mutu. Viende vitupu."

"Vitupu?" mchuuzi mmoja aliyekuwa anangoja nafasi alipayuka. "Na siye tuko hapa?"

"Vitupu," mzee alirudia. "Kule Goma kuna mutu atavihesabu."

Umwiza aliachia mfuko, ukaanguka kwenye vumbi.

"Muzee, tunaweza kumuambia ku fonie, sasa hivi," yule mtu alisema.

"Hapana. Wacha na yeye asikie umbali." Havugimana akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, bila kuficha. "Alasiri mumuleteye mutoto wetu."

Akarudi kibandani polepole, akaketi karibu na Mama Henriette, akaomba chai.

Ndege ilikimbia juu ya udongo mwekundu, ikainuka, ikapita juu ya mikaratusi, ikawa nukta kusini. Umwiza alisimama akiitazama hata baada ya kutoonekana. Mama Henriette alikuja akamshika mabega.

"Sasa unalia nini, binti yangu? Si umesikia?"

"Nimesikia, mama." Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na hakuweza kuacha kimoja. "Lakini Kamate hajui bado. Dakika arobaini na tano zote hizi, Kamate hajui bado."